Bango la filamu ya kutisha

Bango la filamu ya kutisha ni tangazo la picha na maandishi linalobandikwa ukutani, kwenye ubao wa jumba la sinema, kando ya barabara au, siku hizi, kwenye kioo cha simu, ili kuwavuta watu wakatazame filamu iliyokusudiwa kuwaogopesha. Ndugu yake wa karibu ni bango la filamu ya taharuki, yaani ile inayomweka mtazamaji roho juu akisubiri jambo litokee. Aina hizi mbili zina taratibu za usanifu zilizozoeleka kiasi kwamba mtu aliyewahi kuona mabango kumi hulitambua la kumi na moja kutoka ng'ambo ya barabara, hata likiwa limeandikwa kwa lugha asiyoijua.

Bango la namna hii lina ugumu ambao bango la filamu ya mapenzi au ya vichekesho halina. Filamu ya vichekesho inaweza kutangazwa kwa picha ya watu wanaocheka, basi. Bango la kutisha likionyesha kila kitu, limekwisha kutoa bure siri ambayo mteja alitakiwa ailipie. Likificha kila kitu, hakuna atakayenunua tiketi. Tena hutundikwa mahali anapopita kila mtu, wakiwemo watoto wanaokwenda shule na watu wazima ambao hawakuomba kutishwa. Sehemu kubwa ya taratibu zinazoelezwa hapa chini zimetokana na mvutano huo kati ya kuahidi hofu na kuizuia isionekane.

Mwanzo wake Ujerumani

Mabango ya rangi yalikuwa yamezoeleka katika miji ya Ulaya kabla ya sinema kuzaliwa. Litografia, yaani uchapaji unaotumia jiwe lililochorwa kwa wino wa mafuta, iliwezesha picha kubwa za rangi kuchapwa kwa wingi, na kuta zilijaa matangazo ya sarakasi, tamthilia na vinywaji. Filamu ilirithi kuta hizo pamoja na wachoraji wake.

Mnamo Februari 1920 filamu Das Cabinet des Dr. Caligari ya mwongozaji Robert Wiene ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Berlin. Kabla ya siku hiyo mji ulibandikwa mabango yaliyomwambia mpita njia kwamba ni lazima awe Caligari. Mabango hayo hayakueleza Caligari ni nani, wala kwamba ni jina la filamu. Mtu aliyeyasoma alibaki na amri asiyoielewa, na pengine akaenda nayo nyumbani. Mbinu hiyo ya kumpa msomaji neno moja lisilo na maelezo bado hutumika katika matangazo ya awali ya filamu karibu kila mwaka.

Filamu yenyewe ilitengenezwa kwa mtindo wa uelezi wa hisia uliotawala sanaa ya Ujerumani wakati huo: kuta zilizopinda, milango iliyoinama, vivuli vilivyochorwa kwa rangi badala ya kuletwa na taa. Mabango yake yakafuata mtindo uleule, na hapo ndipo somo la kwanza la usanifu wa hofu lilipopatikana. Mstari uliosimama wima humpa mtu utulivu. Mstari ulioinama humwambia kwamba kitu kinakaribia kuanguka. Miaka miwili baadaye, katika Nosferatu (1922) ya F. W. Murnau, mtu mmoja aitwaye Albin Grau alisanifu mandhari, mavazi na pia matangazo. Ndiyo sababu bango na filamu vinaonekana kutoka katika ndoto moja, jambo ambalo halikuwa la kawaida wakati huo na si la kawaida sana hata leo.

Hollywood na majitu yake

Katika miaka ya 1930 kampuni ya Universal ya Marekani ilitoa mfululizo wa filamu za majitu: Dracula na Frankenstein mwaka 1931, The Mummy mwaka 1932, na nyingine nyingi. Kazi ya matangazo yake iliongozwa na mchoraji Karoly Grosz. Mabango ya kipindi hicho hayakuona haya. Jitu lilichorwa waziwazi, uso mkubwa, macho yanayong'aa, na mara nyingi kando yake mwanamke aliyevaa gauni la rangi kali. Rangi zilikuwa nyingi kuliko mtu wa leo anavyotarajia: njano, kijani, machungwa. Filamu zenyewe zilikuwa nyeusi na nyeupe, kwa hiyo bango ndilo lililokuwa mahali pekee ambapo mtazamaji angeona ngozi ya kijani ya maiti iliyofufuka.

Kipimo cha kawaida cha bango la Marekani kilikuwa inchi 27 kwa 41, lililosimama wima. Waingereza walipendelea bango la kulala, inchi 30 kwa 40. Tofauti hiyo ilibadilisha hata utungaji wa picha. Bango la wima linafaa mtu mmoja aliyesimama au kitu kinachopanda kutoka chini, ilhali la kulala linataka mandhari, au nyuso mbili zinazotazamana.

Mabango hayo hayakuthaminiwa kama sanaa. Yalibandikwa, yakanyeshewa, yakatupwa au kurudishwa kwa msambazaji ili yatumike katika mji mwingine. Kwa hiyo nakala zilizosalia ni chache mno, na bei zake zimepanda kupita kiasi. Bango moja la The Mummy liliuzwa mnadani mwaka 1997 kwa zaidi ya dola 450,000 za Marekani. Bango la London After Midnight, filamu ya mwaka 1927, liliuzwa mwaka 2014 kwa dola 478,000. Filamu hiyo yenyewe imepotea, na nakala ya mwisho iliyojulikana iliteketea kwa moto katika ghala la studio mwaka 1965. Tangazo limeishi kuliko bidhaa. Mwaka 2017 bango la Dracula likafikia dola 525,800.

Kujifunza kuficha

Mabadiliko makubwa yalikuja kati ya miaka ya 1950 na 1970. Msanifu Saul Bass alionyesha kwamba bango halihitaji uso wa mwigizaji kabisa. Katika Vertigo (1958) ya Alfred Hitchcock alitumia rangi moja ya machungwa iliyokolea, mizunguko ya mistari myeupe, na umbo la mtu linaloporomoka katikati yake. Mtazamaji hapati hadithi. Anapata kizunguzungu chenyewe.

Psycho (1960) ya Hitchcock huyohuyo ilificha kwa njia nyingine. Bango lake linamwonyesha Janet Leigh akiwa na mavazi ya ndani, kana kwamba filamu ni ya mapenzi ya siri. Hakuna kisu wala bafu. Mwigizaji aliyewekwa mbele kuliko wote ndiye ambaye mhusika wake anauawa kabla filamu haijafika nusu, na hakuna mtazamaji wa wakati huo aliyelitarajia hilo. Katika bango jingine Hitchcock mwenyewe anaelekeza kidole kwenye saa yake na kuonya kwamba hakuna mtu atakayeruhusiwa kuingia baada ya filamu kuanza. Herufi za jina, zilizopasuka katikati kama kioo, zilitoka kwa Tony Palladino, aliyezichora kwa ajili ya jalada la riwaya ya Robert Bloch. Katika matangazo yote hayo, mpasuko huo wa herufi ndio dokezo pekee la ukweli.

Mwaka 1968 Rosemary's Baby ya Roman Polanski ilitangazwa kwa bango la kijani kibichi: uso wa Mia Farrow ukitazama juu, na mbele yake, mdogo na mweusi juu ya kilima cha mawe, kigari cha mtoto. Kazi hiyo ilifanywa na Stephen Frankfurt na Philip Gips. Kigari cha mtoto ni kitu cha furaha katika nyumba yoyote. Kikiwekwa peke yake juu ya miamba, bila mama na bila barabara, mtu huanza kujiuliza maswali. Hii ni kanuni ambayo wasanifu wa baadaye wameitumia mpaka ikachakaa: chukua kitu cha nyumbani, kiondoe mahali pake. Mwanasesere, bembea, kitanda, simu, kiti cha magurudumu, vyote vimepita katika mkondo huo.

Bango la The Exorcist (1973) lilisanifiwa na Bill Gold. Linamwonyesha padri amesimama chini ya taa ya barabarani, mgongo kwetu, mkoba mkononi, na mwanga ukishuka kutoka dirishani mwa nyumba. Mandhari hiyo, iliyotoka katika filamu yenyewe, ilivutwa na michoro ya René Magritte ya nyumba yenye giza chini ya anga la mchana. Binti aliyepagawa, ambaye kila aliyeitazama filamu humkumbuka kwanza, hayumo. Wala hapana haja awemo. Kwa kawaida mwanga wa dirishani ni dalili ya usalama. Hapa ndiyo dalili kwamba kilichomo ndani ni kibaya kuliko giza la nje. Padri bado hajaingia, nasi tunasimama nyuma yake.

Philip Gips alirudi mwaka 1979 na bango la Alien ya Ridley Scott: yai moja linaelea katika weusi, limepasuka chini, na mwanga wa kijani unavuja. Yai hilo halifanani na mayai yanayoonekana ndani ya filamu. Linakaribia zaidi yai la kuku. Kaulimbiu iliandikwa na mkewe, Barbara Gips, na maana yake ni kwamba katika anga za juu hakuna atakayesikia ukipiga yowe. Sentensi hiyo fupi inataja mahali, inataja hatari, inataja upweke, na haitaji mnyama. Waandishi wa matangazo hadi leo huipima kazi yao kwa kuilinganisha nayo.

Papa anayeonekana

Kanuni ya kuficha ina kipingamizi kimoja mashuhuri. Bango la Jaws (1975) ya Steven Spielberg linaonyesha kila kitu: mwanamke anaogelea juu ya maji, na chini yake papa mkubwa kupita kiasi anapanda wima, kinywa wazi, meno yote nje. Ndani ya filamu, papa haonekani vizuri mpaka muda mrefu umepita, kwa sababu, pamoja na mambo mengine, papa wa mitambo aliyetengenezwa kwa ajili ya upigaji picha alikuwa akiharibika kila mara baharini. Bango limefanya kinyume cha filamu.

Picha hiyo ilichorwa na Roger Kastel, na mwanzoni haikuwa ya filamu. Ilikuwa jalada la toleo la bei nafuu la riwaya ya Peter Benchley. Kastel alikwenda kwenye jumba la makumbusho ya viumbe asilia mjini New York kuwatazama papa kabla ya kuanza kazi. Studio ilipoona jalada, ikalichukua kama lilivyo. Mchoro wa asili wa rangi ya mafuta ulipotea baadaye na haujapatikana.

Kwa nini basi bango linalofichua kila kitu linatisha? Jibu limo katika tofauti aliyopenda kuieleza Hitchcock kati ya mshtuko na taharuki. Bomu likilipuka ghafla chini ya meza, watazamaji hushtuka kwa sekunde chache. Lakini wakijulishwa mapema kwamba bomu lipo, huku waliokaa mezani hawajui na wanaendelea na mazungumzo yao ya kawaida, watazamaji hutaabika dakika zote hizo. Bango la Jaws limejengwa hivyo. Mstari wa maji umelikata mara mbili: juu kuna mtu asiyejua, chini kuna kitu tunachokijua. Aliyefichwa siri si mtazamaji, ni mwogeleaji. Mbinu hiyo imeigwa mara nyingi, katika filamu za mamba, za nyoka na za majambazi walio chini ya kitanda. Katika A Nightmare on Elm Street (1984), bango alilochora Matthew Peak linamweka msichana kitandani macho wazi, na juu ya kichwa chake mkono wenye visu badala ya kucha.

Rangi, uso na herufi

Msomaji anayetaka kuyatambua mabango haya kwa macho yake ataanzia kwenye rangi. Nyeusi hutawala, kwa sababu giza ni bei rahisi na kila mtu analijua. Hufuata nyeupe iliyopauka na nyekundu kidogo. Neno "kidogo" ndilo muhimu. Nyekundu ikienea bango zima hugeuka pambo, ikiwekwa mahali pamoja tu jicho hukimbilia hapo. Filamu za taharuki hupendelea bluu ya baridi na kijivu cha mji wakati wa mvua, nyakati nyingine zikichanganywa na machungwa ya taa au ya mlipuko. Tofauti hii ina sababu. Hofu ya filamu ya kutisha hutoka mahali pa kale, nyumba, msitu, kaburi. Hatari ya filamu ya taharuki hukaa ofisini, kwenye gari moshi, kwenye ndoa.

Uso wa binadamu hutumiwa sana, lakini aghalabu huwa na upungufu. Macho yametolewa, au mdomo umefunikwa, au nusu ya uso imezama gizani. Ubongo wetu unasoma uso kwa haraka kuliko kitu kingine chochote, na uso usiokamilika humsumbua mtu kabla hajajua kwa nini. Bango la The Silence of the Lambs (1991) ni mfano uliosomwa sana: uso uliopauka wa Jodie Foster, na juu ya midomo yake nondo. Jina la filamu linataja ukimya, na mdomo umezibwa. Nondo mwenyewe ni wa jamii ya Acherontia, ambayo ina alama ya fuvu mgongoni kwa asili na hupatikana pia katika sehemu nyingi za Afrika. Wasanifu hawakuridhika na alama hiyo ya asili. Ukilisogelea bango utaona kwamba fuvu limeundwa na miili ya wanawake saba walio uchi. Limetoka katika picha iliyopigwa mwaka 1951 na Philippe Halsman akishirikiana na mchoraji Salvador Dalí.

Herufi za jina ni somo peke yake. Zamani zilichorwa kwa mkono, zikichuruzika kama damu au kutetemeka kama moto, na leo mtindo huo hutumika zaidi kwa mzaha. Alien ilileta herufi nyembamba zilizoachana sana, utulivu unaoogopesha. Seven (1995), ambayo maandishi yake ya ufunguzi yalibuniwa na Kyle Cooper, ilileta mtindo wa herufi zilizokwaruzwa kana kwamba ameziandika mgonjwa, na kwa miaka kumi iliyofuata ilikuwa vigumu kukuta filamu ya muuaji ambayo herufi zake hazijakwaruzwa. Kisha kuna Trajan, herufi zilizochorwa na Carol Twombly wa kampuni ya Adobe mwaka 1989 kwa kufuata maandishi yaliyochongwa kwenye Nguzo ya Trajan mjini Roma. Zilianza kama alama ya filamu za heshima, zile zinazowania tuzo, na polepole zikashuka hadi filamu za kutisha za bei nafuu zilizotaka kuonekana za heshima.

Yale maandishi madogo marefu yaliyobanana chini ya bango, yasiyosomeka na mtu yeyote aliye mbali, si pambo. Ni orodha ya majina inayotakiwa na mikataba. Mikataba hiyo mara nyingi hupanga ukubwa wa jina la mwigizaji au mwongozaji kuwa asilimia fulani ya ukubwa wa herufi za jina la filamu. Wasanifu wakatafuta herufi ndefu na nyembamba sana ili kutimiza sharti bila kula nafasi.

Nafasi tupu nayo ni sehemu ya mchoro. Mtu mdogo chini ya anga kubwa, mlango mmoja kwenye ukuta mrefu, ngazi inayoishia gizani: pasipo na kitu ndipo mtazamaji hujaza mwenyewe, naye hujaza kile anachokiogopa yeye. Bango la Us (2019) ya Jordan Peele halikutumia hata hilo. Lina Lupita Nyong'o, mwigizaji Mkenya aliyezaliwa Mexico, chozi likimshuka, ameshika kinyago cha uso wake mwenyewe. Nyuso mbili za mtu mmoja zimetosha.

Nje ya Hollywood

Si kila nchi ilifuata njia hiyo. Nchini Poland, chini ya utawala wa kikomunisti, usambazaji wa filamu ulikuwa mikononi mwa serikali, na mabango yaliagizwa kwa wasanii bila sharti la kuuza tiketi. Mchoraji hakulazimika kuweka uso wa nyota wala picha iliyotoka Marekani. Alien ilichorewa bango jipya na Jakub Erol, Rosemary's Baby na Wiesław Wałkuski. Mabango hayo yanatisha kwa namna ya ndoto mbaya isiyosimulika, na mara nyingine hayamwambii mtu filamu inahusu nini.

Ghana ilikwenda upande mwingine kabisa. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 wafanyabiashara walizunguka mijini na vijijini na televisheni, deki ya video, kanda na jenereta, wakionyesha filamu za Marekani, Hong Kong, India, na baadaye za Nigeria na za Ghana yenyewe. Kila filamu ilihitaji bango linaloweza kukunjwa, kusafirishwa na kutundikwa tena. Wachoraji wa vibao vya maduka waliitwa kufanya kazi hiyo, nao walichora kwa rangi ya mafuta juu ya magunia ya kitambaa ya unga wa ngano yaliyopasuliwa na kushonwa pamoja. Mara nyingi mchoraji hakuwa ameiona filamu. Alipewa jina, jalada la kanda, au masimulizi ya mtu, akaongeza yake: nyoka asiyekuwamo, kichwa kilichokatwa, mchawi anayetapika moto.

Wapo waliosema kwamba mabango hayo ni ya uongo, na kwa maana finyu ni kweli. Lakini mchoraji wa Ghana alikuwa na mtazamaji mbele yake, si idara ya matangazo, na kazi yake ilipimwa jioni ileile kwa idadi ya waliokuja. Wala uongo wake haukuwa mkubwa kuliko ule wa Psycho. Televisheni zilipoingia majumbani na mabango ya kuchapwa yakapatikana kwa urahisi, kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, kazi hiyo ilipungua. Wakusanyaji wa Marekani na Ulaya ndio wanaoyanunua magunia hayo sasa, na baadhi ya wachoraji huchora mapya kwa ajili yao, ya filamu ambazo hazikuwahi kuonyeshwa kijijini kokote.

Afrika Mashariki haikuwa na magunia. Katika vibanda vya video vya Tanzania, vinavyojulikana kwa utani kama vibanda umiza, tangazo la siku mara nyingi lilikuwa ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki, jina na saa, na mvuto wote ukaachiwa neno lenyewe. Filamu za Kiswahili za kutisha zilipoanza, kama Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi mwanzoni mwa miaka ya 2000, bango lake hasa lilikuwa jalada la kanda na baadaye la diski. Jalada hutazamwa kwa umbali wa mkono mmoja, dukani au mikononi mwa mchuuzi, kwa hiyo halihitaji utupu. Linajazwa nyuso zote za waigizaji zilizokatwa kwa kompyuta na kupangwa kwa kufuata umaarufu, na jini au mzimu akawekwa juu yao. Anayelitazama kwa kipimo cha Bill Gold ataliona limesongamana. Mnunuzi wake alitaka kwanza kujua ni nani wamo.

Nani analazimishwa kutazama

Aliyekata tiketi amekubali kutishwa. Aliyepita barabarani hajakubali. Suala hilo limefika mbele ya wadhibiti mara nyingi. Mwaka 1982 nchini Uingereza video ya The Driller Killer ya Abel Ferrara ilitangazwa magazetini kwa picha ya jalada lake: mwanamume anayepiga kelele huku kekee ya umeme ikipenya kwenye paji la uso, damu ikitiririka. Malalamiko yalipelekwa kwa mamlaka ya viwango vya matangazo. Wengi waliokasirika hawakuwa wameitazama filamu, ambayo sehemu kubwa yake ni ya polepole na haina damu kiasi hicho. Walikuwa wameona jalada. Hasira hiyo ilichangia kampeni kubwa ya magazeti dhidi ya video za kutisha, orodha ya waendesha mashtaka iliyopata kuwa na filamu 72, na mwishowe sheria ya mwaka 1984 iliyotaka kila video ikaguliwe na kupewa daraja la umri. Jalada moja lisingeweza kuleta sheria peke yake, ila bila majalada ya namna ile ni vigumu kuona kampeni hiyo ingeanzia wapi.

Nchini Marekani filamu inayoomba daraja la umri kutoka chama cha studio kubwa hutakiwa pia kupeleka matangazo yake yaidhinishwe. Mwaka 2007 mabango makubwa ya filamu Captivity yalitundikwa Los Angeles, na mengine juu ya teksi za New York, bila idhini hiyo. Yalikuwa na picha nne za mwanamke mmoja, kila moja na neno lake: kutekwa, kufungiwa, kuteswa, kumalizwa. Wazazi waliokuwa wakiwapeleka watoto shuleni walilalamika, wasambazaji wakayaondoa wakidai ni kosa la uchapaji, na chama kikasimamisha kwa mwezi mmoja kazi ya kuipa filamu hiyo daraja. Adhabu hiyo iliwagusa wafanyabiashara, kwani filamu isiyo na daraja hukataliwa na majumba mengi ya sinema.

Katika picha zile nne hakuna kilichofichwa, wala hakuna kilichoachwa kwa mtazamaji akijaze. Wakosoaji walieleza kwamba mateso ya mwanamke yamegeuzwa kuwa bidhaa yenyewe. Mbele ya padri wa Bill Gold, mpita njia hujiuliza ndani kuna nini. Mbele ya Captivity hakuwa na la kuuliza.

Wasanifu wa leo wana tatizo jipya: picha yao huonekana kwanza kwenye simu, kubwa kama stempu. Mtu mdogo chini ya anga kubwa hapo haonekani kabisa. Huduma za filamu za intaneti hutumia zaidi uso mmoja uliokaribiwa sana na jina fupi, na filamu moja inaweza kuwa na picha kadhaa zinazobadilishwa kulingana na mtazamaji. Bango refu la ukutani halijafa, lakini linazidi kuchapwa kwa ajili ya mashabiki, nakala chache zenye namba, zikauzwa bila kutangaza chochote.